Arctic Monkeys na Hekaya ya MySpace

Nimechoka! Naomba nianze hivyo hivyo bila salamu ndefu, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa kijiweni na washkaji, tunabishana muziki kama kawaida yetu. Mmoja wao, msomi kabisa, ana shahada ya masoko na anakula mshahara wa kampuni ya matangazo, akaniangalia kwa huruma akasema: "Wewe nao, unawapenda bure hao Arctic Monkeys. Wale ni zao la intaneti tu. MySpace ndiyo iliyowatengeneza." Wengine wakatikisa vichwa kukubali, kama vile imesomwa aya. Nikafungua mdomo kujibu, lakini nyama choma ikawa imeletwa, na ninyi mnajua hakuna hoja inayoishinda nyama choma. Nikanyamaza.

Leo nyama hakuna, kelele hakuna, na kalamu ninayo mimi. Nisikilizeni.

Kwa wale wasioifahamu, albamu ninayoipigania inaitwa Whatever People Say I Am, That's What I'm Not. Jina refu kama risala ya mgeni rasmi, najua, na nitalirudia baadaye kwa sababu lina kisa chake. Ilitoka Uingereza tarehe 23 Januari 2006 chini ya lebo ya Domino, lebo huru isiyomilikiwa na yale makampuni makubwa ya muziki. Ina nyimbo 13 na haifikishi hata dakika 41. Wiki ya kwanza peke yake ziliuzwa nakala 363,735. Hakuna albamu ya kwanza ya msanii yeyote iliyokuwa imewahi kuuzika kwa kasi ile nchini humo. Mwaka uliofuata Leona Lewis aliipita, lakini yeye ni mwimbaji wa peke yake aliyetokea kwenye shindano la televisheni. Hawa walikuwa bendi ya vijana wanne wa Sheffield: Alex Turner anayeimba na kupiga gitaa, Jamie Cook kwenye gitaa, Andy Nicholson kwenye besi na Matt Helders kwenye ngoma. Turner ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 20.

Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la pili. Sikujua kama Sheffield ni mji au ni aina ya kisu. (Baadaye niligundua ni vyote viwili, nendeni mkaangalie visu vya zamani vya bibi zenu.) Albamu yenyewe niliipata 2018 nikiwa chuo. Mwenzangu wa chumba aliniachia diski yake nihamishe notisi za mtihani, nikakuta folda moja isiyo na picha wala maelezo. Yeye alipewa na kaka yake, na kaka yake aliinakili kwa mtu waliyesoma naye sekondari. Nikabonyeza wimbo wa kwanza, The View from the Afternoon. Ngoma za Helders zikanipiga usoni. Katikati wimbo ukasimama ghafla, nikadhani laptopu imezima, kumbe ndivyo ulivyo. Notisi sikuhamisha usiku ule. Mtihani nao, tuuache.

Shikeni jambo hilo la folda kutoka mkono kwa mkono. Tutalihitaji mbele.

Sasa tuje kwenye hekaya. Inasimuliwa hivi: hapo zamani za 2005 palikuwa na vijana wanne wasiojulikana na mtu. Wakaweka nyimbo zao MySpace. Dunia ikazisikia. Makampuni ya muziki yakashikwa na bumbuwazi. Vijana wakawa matajiri. Funzo: nawe weka vitu vyako mtandaoni, utaibuka.

Hadithi tamu kweli. Inaingia kwenye aya moja ya gazeti, ina mwanzo na mwisho, na haimlazimishi mwandishi kupiga simu hata moja. Mimi nafanya kazi hii, utamu wa hadithi za namna hiyo naujua. Ina kasoro moja tu: si kweli.

Tuanze na kalenda, maana kalenda haina ushabiki. Krismasi ya 2001 Turner na Cook, majirani wa kitongoji cha High Green nje kidogo ya Sheffield, walipewa magitaa kama zawadi. Hawakujua kupiga. Wakajifunza. Tarehe 13 Juni 2003 wakapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, kwenye baa moja ya Sheffield iitwayo The Grapes. Na MySpace je? MySpace ilianzishwa Agosti 2003! Yaani siku bendi inapiga shoo yake ya kwanza, huyo "mzazi" wake alikuwa hajazaliwa. Mimi sijawahi kuona mtoto anayemtangulia mama yake duniani, labda mwenzangu wa matangazo ameona.

Walichofanya vijana wale baada ya hapo ni kazi ambayo muuza karanga yeyote wa stendi angeielewa. Walirekodi nyimbo zao, wakazichoma kwenye CD, wakawa wanazigawa bure kwa watu wanaokuja kwenye shoo zao. Bure! CD hazikuwa nyingi, basi waliozipata wakazinakili kwa waliozikosa. Mmoja wa mashabiki alipozipata kwenye ukumbi unaoitwa The Boardwalk, ukumbi ambao Turner mwenyewe alikuwa anafanya kazi baa, akaipa folda yake jina la Beneath the Boardwalk. Mpaka leo mkusanyiko ule unaitwa hivyo. Bendi haikuuita hivyo, lebo haikuuita hivyo. Aliuita hivyo mtu aliyesimama kwenye umati.

Na walipoulizwa na waandishi mwaka 2005 kuhusu MySpace, vijana wenyewe walisema hawakuwa wanajua hata ni kitu gani. Ule ukurasa ulifunguliwa na mashabiki. Wenyewe walisema! Lakini nani anamsikiliza mhusika wakati hadithi imeshapendeza?

Mei 2005 wakatoa santuri yao ya kwanza kwa lebo waliyoianzisha wenyewe: CD 500 na santuri 1,000, basi. Juni wakasaini Domino. Agosti wakapiga kwenye matamasha ya Reading na Leeds, tena kwenye jukwaa dogo, na umati ukafurika. Oktoba wimbo wao I Bet You Look Good on the Dancefloor ukaingia moja kwa moja namba moja Uingereza. Watu waliokuja kwenye shoo zao walikuwa wanaimba neno kwa neno nyimbo ambazo hakuna duka lililokuwa limewahi kuziuza. Miaka minne kutoka gitaa la Krismasi mpaka namba moja. Kuna miujiza hapo? Mimi naona miguu, basi la usiku, na CD za kuchoma.

Najua mtakavyonijibu. "Lakini mwandishi, hizo nyimbo mashabiki walitumiana kwa intaneti!" Naam, walitumiana, sikatai. Intaneti ilikuwa barabara. Lakini mkisafiri kutoka Dar mkafika Morogoro salama, mnaishukuru lami au mnamshukuru dereva? Lami ipo kwa kila mtu. Mwaka ule ule wa 2005 maelfu ya bendi zilikuwa na kurasa MySpace, kwenye lami ile ile. Mbona hamzijui majina? Kilichowatofautisha hawa ni kwamba palikuwa na watu wenye nyuso na majina, waliosimama mbele yao Sheffield wakiwa wamelowa jasho, wakarudi nyumbani wakamwambia ndugu: sikiliza hii. Waya ulibeba faili. Imani ilibebwa na watu.

Kwa nini basi hekaya ilishika? Mimi kwa maoni yangu, ilishika kwa sababu ilimfaa kila mtu isipokuwa waliofanya kazi. Julai 2005 kampuni ya News Corporation ya Rupert Murdoch ilikubali kuinunua kampuni iliyokuwa inamiliki MySpace kwa dola milioni 580. Sisemi kwamba mzee Murdoch alikaa ofisini akaitunga hadithi ya Arctic Monkeys. Hakuhitaji. Sisi waandishi tulimtungia bure. Tulikuwa tunatafuta mfano wa "nguvu ya mtandao mpya", bendi ikapita mbele yetu, tukaibandika lebo. Na sisi ndio wale wale ambao hatukuwa na kiasi: jarida la NME liliiweka albamu hii namba tano katika orodha ya albamu bora za Uingereza za nyakati zote, mwezi ule ule ilipotoka! Hata mshumaa wa sherehe haujayeyuka. Ninaipenda albamu hii kuliko wengi, na bado nasema ule ulikuwa uhuni.

Mwisho wa huyo mzazi bandia mnaujua? Mwaka 2011 MySpace iliuzwa tena, safari hii kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 35 hivi. Halafu 2019 ikakiri kwamba muziki uliowekwa humo tangu ilipoanza mpaka 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Nyimbo zinazokadiriwa kuzidi milioni 50! Za wasanii wengi ambao hawakuwa na nakala nyingine popote. Mama aliyesifiwa kwa kuzaa mamilioni aliwapoteza wanawe wakati wa kuhama nyumba. Lakini zile CD zilizochomwa Sheffield na kugawiwa bure? Nyimbo zake zipo mpaka leo. Zilikaa salama mikononi mwa watu.

Sasa msije mkadhani nabishana historia tu. Hekaya hii inaharibu hata usikilizaji. Ukiambiwa albamu ni "zao la intaneti" unaisikiliza ukitafuta dunia, ukitafuta kitu kisicho na mahali. Na albamu hii ni ya mahali mpaka inakera. Ni ya mtaa, kwanza hadi mwisho.

Naomba niiseme kwa lugha ya kazi yangu. Siku ya kwanza niliyoripoti habari, mkuu wangu aliniambia: nani, nini, wapi, lini, na usinihubirie. Alex Turner anaandika nyimbo kwa kanuni hiyo hiyo. From the Ritz to the Rubble ni ripoti ya mlangoni kwa klabu: mabaunsa wawili, foleni, mmoja anatafuta ugomvi, mtu anakataliwa kuingia, kesho yake asubuhi kila kilichoonekana wazi usiku kimekuwa ukungu. Red Light Indicates Doors Are Secured ni ripoti ya safari ya teksi ya kurudi nyumbani, ubishi wa idadi ya abiria, ngumi karibu zirushwe. Na jina la wimbo je? Ni yale maandishi ya onyo yanayobandikwa ndani ya teksi za kule! Kama vile mtu wa Dar atoe wimbo unaoitwa "Abiria Chunga Mzigo Wako". Riot Van ni vijana wadogo wanaowachokoza polisi na gari lao, wimbo wa taratibu, mfupi, na mwisho wake hauchekeshi. When the Sun Goes Down unaanza kwa gitaa moja na sauti ya chini kama mtu anakunong'oneza, kisha unalipuka, na unachoripoti ni biashara ya ngono kwenye eneo la Neepsend, jirani na chumba walichokuwa wanafanyia mazoezi. Hakutunga. Alichungulia dirishani.

Na alichungulia kwa lafudhi yake! Hapa ndipo nawaomba mnielewe vizuri. Rock ya Uingereza ina ugonjwa wa zamani: kijana anazungumza Kiingereza cha kwao mpaka pale anapoiona maikrofoni, ghafla anakuwa Mmarekani. Turner anaimba kama anavyozungumza mtu wa Yorkshire Kusini, maneno ya kwao, irabu za kwao. Kuna wimbo unaitwa Mardy Bum. Hilo neno mardy ni la kaskazini na kati ya Uingereza, maana yake mtu mwenye kununanuna, wa kuvuta mdomo. Wimbo wenyewe ni ugomvi mdogo wa wapenzi. Hakuweka neno la kamusi ili watu wa mbali waelewe. Wa mbali wakajifunza neno.

Halafu kuna Fake Tales of San Francisco, wimbo ambao kwangu mimi ndio katiba ya albamu nzima. Anaikejeli bendi ya jirani zake, watu wa Rotherham pale pale, wanaopanda jukwaani na kusimulia Marekani ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Marafiki zao wako chini wanajifanya wanapenda. Kila nikiusikia nakumbuka hadithi wanazotusimulia wakubwa zetu kuhusu rap ya hapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Dar wakichana kwa Kiingereza cha kanda za video, mpaka Saleh Jabri alipothubutu kuuchukua wimbo wa Vanilla Ice mwaka 1991 na kuuweka katika Kiswahili. Kuna waliocheka. Lakini mlango ukafunguka, na mtaa ukaingia na maneno yake. Ndiyo maana naamini mtu wa Sheffield na mtu wa Temeke wanaweza kuelewana bila kukutana: wote wanajua harufu ya mtu anayejifanya katokea kwingine.

Niliwaahidi kisa cha jina la albamu. Limetoka katika riwaya ya Alan Sillitoe, Saturday Night and Sunday Morning, ya mwaka 1958, ambayo 1960 ilifanywa filamu na Karel Reisz. Mhusika wake, Arthur Seaton, ni kijana anayekaa mbele ya mashine kiwandani wiki nzima, Nottingham, kiwanda cha baiskeli, na Jumamosi usiku anajilipa. Sillitoe mwenyewe alifanya kazi katika kiwanda cha baiskeli cha Raleigh, kwa hiyo hakuwa mtalii. Arthur anakataa kila jina anapopachikwa: mfanyakazi, mlevi, mkorofi. Chochote mnachosema mimi ni, hicho sicho nilicho. Vijana wakalichukua hilo wakaliandika juu ya albamu yao kabla haijafika sokoni. Unamwona mtu anakuandikia kwenye jina la albamu yake, "msinipachike", na wewe unampachika! Tena unampachika kampuni!

Haya, niwe mkweli pia, maana ushabiki bila ukweli ni ulevi. Albamu hii ina kasoro, na kubwa ni wasichana. Wamejaa kwenye nyimbo, lakini karibu wote wanaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi, kwa macho ya kijana wa miaka 18 anayeogopa kukataliwa. Still Take You Home ina dharau waziwazi: anamcheka msichana kwa mavazi na mapambo yake, na bado anataka kuondoka naye. Kuna anayesema ndiyo ukweli wa vijana wa umri ule. Inawezekana. Lakini mwandishi anayeripoti kila kona ya mtaa na kumsahau nusu ya mtaa akiwa anazungumza, ameleta ripoti nusu. Dada yangu ndiye aliyeniambia hivyo, nikabishana naye siku mbili, siku ya tatu nikanyamaza.

Na la pili, ambalo wapinzani wangu hulileta wakiwa wanachekelea: "Huyo Turner wako aliyewacheka wenye kujifanya Wamarekani si alihamia Los Angeles mwenyewe? Si lafudhi ilibadilika?" Ndiyo. Alihamia. Albamu ya AM ya 2013 ina ngozi nyeusi na mafuta ya nywele ya Kimarekani, na watu wa kwao walimcheka sana mwaka ule kwa alivyokuwa anaongea jukwaani. Mimi sitamtetea kwa hilo, wala si mwajiri wake. Ila ninasema hivi: ripoti nzuri haifutiki kwa sababu ripota alihama mji. Aliyoyaona Neepsend aliyaona. Wimbo wa mwisho wa albamu, A Certain Romance, bado upo, na hakuna Los Angeles inayoweza kuufuta.

Huo wimbo niuseme, kisha nimalize. Ndio mrefu kuliko yote. Unaanza kwa dharau: vijana wa mtaani kwao, nguo za michezo, milio ya simu, ugomvi wa fimbo za pool, hakuna mapenzi ya kweli wala muziki wa maana. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo, akapigiwa makofi na wasomi kama sisi. Turner haishii hapo. Taratibu anakumbuka kwamba miongoni mwa hao anaowacheka kuna rafiki zake, nao wanavuka mipaka vilevile, na kwamba hawezi kuwakasirikia kama anavyowakasirikia wengine. Halafu maneno yanaisha na magitaa yanabeba yaliyobaki. Ana miaka 19 na tayari anajua kitu ambacho wahariri wengi hawajui: ukiandika kuhusu mtaa wako, na wewe umo kwenye habari.

Sasa naomba niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma hivi, maana mtu hachelewi kulala kwa sababu ya MySpace tu.

Miaka miwili iliyopita niliandika makala kuhusu kijana mmoja wa singeli wa huku Mbagala. Wimbo wake ulikuwa umefikisha watazamaji wengi mtandaoni, mhariri akataka stori haraka. Nikaandika. Kichwa cha habari nilikichagua mwenyewe: kijana aliyeibuliwa na mtandao. Makala ilipendwa, nikapongezwa, nikanunua soda.

Siku tatu baadaye mlinzi ananipigia simu, kuna mgeni getini. Nikamkuta kijana amesimama kando ya bodaboda yake, gazeti limekunjwa mkononi. Akaniamkia vizuri. Akasema: "Kaka, umeandika vizuri sana. Ila mimi simo." Nikamuuliza wewe ni nani. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anatembeza flashi. Karibu mwaka mzima, kabla wimbo haujawekwa popote mtandaoni, alikuwa anazunguka nao: vinyozi, vijiwe vya boda, madijei wa vigodoro, Mbagala mpaka Tandika. Alikuwa anawawekea bure na kuwaomba waupige mara moja tu. Wimbo ulipofika mtandaoni, mtaa ulikuwa tayari unaujua kwa moyo, ndiyo maana namba zilipanda.

Hakutaka pesa. Hakutaka hata tuandike upya. Alitaka nijue, basi. Nikapanda juu nikamwambia mhariri kwamba tumekosea. Akauliza: idadi ya watazamaji ni ya kweli? Nikasema ndiyo. Akasema basi hakuna kosa. Nami, msomi mwenye shahada, nikarudi kwenye kiti changu nikaendelea na habari nyingine. Yule kijana alikuwa bado yuko getini. Nilimwona kwa dirisha akivaa helmeti.

Jumamosi nilipoambiwa kwamba MySpace ndiyo iliyowatengeneza Arctic Monkeys, sikukasirikia mwenzangu peke yake. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia.

Na kinachonishika zaidi ni kwamba vijana wale wa Sheffield hawakufanya kosa nililofanya mimi. Chukueni jalada la albamu. Yule mtu anayevuta sigara, usiku umemchosha, wala si mwanabendi. Ni rafiki yao, Chris McClure. Afisa mmoja wa afya ya umma wa Scotland alilalamika kuhusu ile sigara, magazeti yakaandika kuhusu sigara, na wachache wakauliza: kwa nini bendi mpya, kwenye albamu yake ya kwanza, imeweka uso wa rafiki mahali pa nyuso zao? Septemba 2006 walipopewa tuzo ya Mercury, maneno yaliyokumbukwa ya Turner pale jukwaani yalikuwa ya kuomba polisi waitwe, maana Richard Hawley ameibiwa. Hawley ni nani? Mwanamuziki mwenzao wa Sheffield, aliyekuwa anashindania tuzo hiyo hiyo kwa albamu yake ya Coles Corner, iliyopewa jina la kona moja ya mji ule ambapo watu walikuwa wanapeana miadi. Alikuwa anatania, ndiyo. Lakini hata kwenye utani alitaja mtu wa kwao, hakuitaja tovuti.

Wao walijua nani amewabeba. Sisi ndio tuliofuta majina.

Kwa hiyo mwenzangu wa matangazo, kama unasoma hapa, Jumamosi ijayo nitakuja na flashi. Nitakuwekea nyimbo 13, na nitakulipia nyama, kwa sharti moja: usikilize mpaka mwisho bila kugusa simu. Ukiipenda, mpe mwingine. Usimwambie umeipata mtandaoni.

Na yule kijana wa bodaboda, jina lako silitaji kwa sababu sikukuomba ruhusa, na nilipaswa kukuomba siku ile ile. Nimeanza kukutafuta vijiweni. Safari hii nitakuja na daftari, na nitaanza kwa kuuliza nani, wapi, na lini.

Naomba kutoa hoja.